Nyama za paja zinachanika kipindi cha pili kila siku, nawapimaje vijana nguvu na uchovu bila mashine?

KochaMbagala

Wakuu habari za humu ndani. Mi nafundisha timu ya mtaani huku Mbagala, tupo ligi ya wilaya, nina vijana 24 wengi wao miaka 18 mpaka 26. Msimu huu nimepoteza vijana wanne kwa nyama za paja, winga wawili, straika na beki wa kulia. Hao watatu wa mwanzo wote wameumia kwenye mechi na wote kipindi cha pili, wawili kati yao zile dakika za lala salama kabisa. Straika alikuwa anafukuzia mpira mrefu peke yake, hamna beki karibu, hamna aliyemgusa, nikaona tu kashika paja kwa nyuma kaenda chini.

Huyo wa nne ndo ananinyima usingizi maana nilimuumiza mimi. Nilisikia kwamba mchezaji akichoka ndo anachanika, nikasema basi ngoja niwapime uchovu, siku moja baada ya mazoezi nikawapanga mstari, mita 60 mara sita, mbio za mwisho wa uwezo, nashika muda kwa simu. Beki wa kulia mbio ya tano akaruka kama mtu aliyekanyaga moto akakaa chini. Yule kijana anaendesha bodaboda na paja lililoumia ni la kulia, wiki tatu hakuweza kukanyaga breki ya nyuma, na kwao yeye ndo anayelisha watu. Nimemuomba msamaha na nimemsaidia nilivyoweza, lakini nataka nijue nilikosea wapi ili nisirudie kwa mwingine.

Nimeenda kuulizia kliniki moja hapa mjini wana ile mashine ya kukaa kwenye kiti unafungwa mguu unasukuma na kuvuta, bei ya mchezaji mmoja ni zaidi ya michango yetu ya wiki mbili. Kwahiyo maswali yangu: shida ya vijana wangu ni nguvu ndogo au ni uchovu? Nawapimaje uwanjani kwa vitu vya kawaida? Afu nikishapima, namba gani inaniambia huyu leo asicheze? Natanguliza shukrani.

---

FizioMwanza

Kocha pole sana, na pole kwa kijana wa boda. Kwanza nikutoe kwenye hiyo lawama kidogo afu nikueleze kosa lilikuwa wapi, maana wengi wanalifanya hata kwenye timu kubwa kuliko yako. Mbio za mwisho wa uwezo kwa mtu aliyechoka sio kipimo, lile ndo tukio lenyewe linalochana msuli. Yaani ni kama unataka kujua kamba imelika kiasi gani afu unaining'inizia gunia mpaka ikatike. Kipimo kizuri kinamuuliza msuli swali akiwa amelala chini salama.

Sasa tuelewane huo msuli unafanya nini. Mchezaji akikimbia, mguu ukitupwa mbele, kabla tu kisigino hakijagusa chini, nyama ya nyuma ya paja ndo inafanya kazi ya breki, inauzuia mguu usijirushe. Inavuta huku inarefushwa. Fikiria unashusha ndoo iliyojaa kisimani taratibu, mkono unavuta juu lakini kamba inaenda chini, na ukitaka kujua mkono wako umechoka utaona kwenye kushusha kabla hujaona kwenye kupandisha. Hapo ndo panapochanika mara nyingi kwenye mbio, na zaidi ni ule msuli wa upande wa nje, kile kichwa kirefu cha baisepsi ya paja. Kwahiyo kijana anaweza kuwa na nguvu nzuri tu ya kukunja goti, anakuvutia kisigino mpaka makalioni, lakini nguvu ya breki hana.

Swali lako la nguvu au uchovu, jibu ni kwamba huwezi kuvitenganisha. Uingereza walifuatilia klabu 91 za kulipwa kwa misimu miwili mwishoni mwa miaka ya 90 wakakuta karibu nusu ya hizi nyama za paja zinachanika kwenye theluthi ya mwisho ya kila kipindi, yaani kuelekea mapumziko na kuelekea filimbi ya mwisho, sawasawa na unachokiona Mbagala. Afu kina Small, watafiti wa huko huko Uingereza, nao wakachukua wachezaji 16 wakawapitisha kwenye mazoezi ya dakika 90 yanayoiga mechi, kutembea, kujog, kukata kona, mbio kali, wakawa wanawapima kwenye hiyo mashine ya kiti. Nguvu ya kukunja goti ya kawaida haikushuka cha maana. Nguvu ya breki ilishuka kwa kama asilimia 17 mpaka mwisho wa mechi, na sehemu kubwa ilishaondoka kabla ya mapumziko. Sasa piga hesabu wewe, kijana anayeanza mechi akiwa na akiba ndogo ya breki, ukimtoa hiyo asilimia 17 dakika ya 85 anabaki na nini? Mwenye akiba kubwa akitolewa kiasi hicho hicho bado ana kitu mkononi.

Kwahiyo unapima vitu viwili, akiba yake akiwa freshi, na inavyoshuka akichoka. Vifaa vya kuanzia unavyo tayari.

Cha kwanza ni daraja la mguu mmoja. Kijana analala chali, kisigino kimoja juu ya boksi au benchi la kimo cha sentimita 60 hivi, goti limekunjwa kidogo tu nyuzi kama 20, mikono kaikunja kifuani, mguu mwingine kaunyanyua juu umetulia haupigi teke la kujisaidia. Ananyanyua kiuno mpaka mwili unyooke, anashusha, makalio yanagusa chini hayapumziki, anarudia mpaka ashindwe. Unahesabu. Waliokitengeneza hiki kipimo kule Australia wanasema chini ya 20 ni dhaifu, 25 ni wastani, kuanzia 30 ni mzuri. Cha kuangalia sana ni tofauti ya mguu na mguu, na awe na mwenzake pembeni anayekataa mizunguko ya uongo, maana kuanzia ya 15 kila mtu anaanza kuiba, kiuno hakifiki juu.

Cha pili ni Nodiki. Kapiga magoti kwenye mkeka au nyasi laini, mwenzake kamshika vifundo vya miguu kwa nguvu, mwili umenyooka toka gotini mpaka kichwani, anajishusha mbele polepole kadri anavyoweza kabla hajadondokea mikono. Weka simu pembeni usawa wa kiuno, mita tatu hivi, mrekodi. Ukirudisha video utaona wapi anapokatika, pale spidi inapobadilika ghafla. Mwenye nguvu ya breki anafika karibu na ardhi bado anajizuia, asiye nayo akiinama kidogo tu anaanguka kama mti. Hii ndo inayopima ile breki yenyewe, lakini usiwafanyishe siku ya mechi wala jana yake, na asiyewahi kuifanya atakaa na maumivu siku mbili tatu, kwahiyo wapitishe kwanza mara chache ndo uje kupima.

Na ya tatu kuna njia nzuri sana ya kutumia kile kifaa cha kupimia presha ya damu, nikitoka kazini naiandika, au kama kuna mdau anaijua aanze.

---

MzeeWaKandanda

Vijana nawasoma. Mi nimecheza mpira miaka ya themanini na nimefundisha baadae, hatukuwahi kupima nyama ya paja ya mtu na watu walicheza mpaka miaka 36. Tatizo la vijana wa sasa mimi naliona ni chakula na maandalizi. Kocha waulize vijana wako walikula nini siku ya mechi. Huyo wa boda toka saa kumi na moja asubuhi yuko kwenye pikipiki amekaa, goti limekunjwa, anakuja uwanjani saa tisa na nusu na chai na maandazi mawili tumboni toka asubuhi, anavaa jezi anaingia, pasha moto dakika tano. Utampima na mashine ya Ulaya ikwambie nini ambacho macho hayajakwambia?

Pia mnyoosheni misuli vizuri kabla ya mechi. Siku hizi wananyoosha kwa kupiga picha.

---

FizioMwanza

Shikamoo mzee. Kwenye chakula, usingizi na kupasha moto sikupingi hata nukta, kijana asiyekula anachoka mapema na aliyechoka mapema anaingia kwenye eneo la hatari dakika ya 60 badala ya 85. Na hilo la kukaa kwenye pikipiki siku nzima umelisema vizuri, naomba kocha alichukue.

Ila mzee nina mawili kwa heshima. Moja, kasi ya mpira imebadilika. UEFA wanafuatilia klabu kubwa toka mwaka 2001, na katika ripoti yao ya miaka 21 nyama za paja zilitoka kuwa asilimia 12 ya majeraha yote zikafika asilimia 24. Wale wana wapishi na madaktari, wanakula vizuri sana. Mbili, kunyoosha peke yake hakujaonekana kuzuia hizi, kilichoonekana ni kuongeza nguvu ya breki. Denmark, kwenye utafiti uliotoka mwaka 2011, walichukua timu 50, wachezaji 942, nusu ya timu wakaongezewa Nodiki kwenye mazoezi nusu wakaendelea kama kawaida. Mwisho wa mwaka waliofanya Nodiki walipata majeraha 15 ya nyama za paja, ambao hawakufanya 52. Wachezaji wa ridhaa walikuwemo humo humo, sio wa kulipwa peke yao. Na kifaa chao kilikuwa mwenzako wa kukushika miguu.

Mzee hata mimi naamini macho ya kocha. Kipimo ni cha kuyasaidia pale ambapo kijana anakuficha. Na vijana wanaficha, kila mtu anataka kucheza.

---

WingaMstaafu

Hapo kwenye kuficha naomba nichangie maana mimi ni mmoja wa walioficha.

Nilichanika mara ya kwanza nikiwa na miaka 22, paja la kushoto, tulikuwa ugenini uwanja wa vumbi. Nilisikia kabisa kitu kimefanya "tap", kama mtu amenipiga na kokoto kwa nyuma, niligeuka kuangalia nani kanirushia. Nikakaa wiki tatu, siku ya kwanza nisiyosikia maumivu nikitembea nikamwambia kocha niko fiti. Kocha akanikimbiza nusu uwanja mara mbili akasema sawa. Hamna aliyelinganisha mguu huu na ule. Mechi ya pili baada ya kurudi dakika ya 70 na kitu nikachanika pale pale, na hiyo ya pili ilikuwa mbaya mara tatu, damu ilishuka paja likawa la zambarau mpaka nyuma ya goti, nikakaa nje miezi minne na sikurudi tena kuwa yule.

Miaka baadae ndo fizio mmoja alinipima kwa kunilaza na kushika kisigino changu nivute, kulia kushoto, akaniambia mguu wako wa kushoto bado uko nyuma ya ule wa kulia, na hapo nilishaacha mpira! Yaani niliishi na paja dhaifu miaka yote nikidhani nimepona kwa sababu haliumi. Kocha KochaMbagala nakuomba kitu kimoja, hao wanne ulionao nje usiwarudishe kwa kuwauliza "unasikiaje", watakwambia wako poa. Mi nlisema niko poa.

---

KochaNyali

Salaam ndugu zangu, Mombasa hapa. Nafunza timu ya vijana na hicho kipimo cha presha ndicho tunachotumia mwaka wa tatu sasa, kwahiyo acha nieleze, fizio atanisahihisha.

Nunua mashine ya presha ile ya mkono, yenye mshale na kipira cha kupuliza, sio ya betri. Ile ya betri inajipuliza yenyewe haifai kwa kazi hii. Mchezaji analala chali chini, mguu mmoja juu ya kiti au boksi, kile kitambaa cha presha umekikunja vizuri umekiweka chini ya kisigino. Unapuliza kidogo tu mshale usimame kwenye 20, unafunga valvu sawasawa. Sasa mchezaji anakandamiza kisigino chini kwa nguvu zake zote kama anataka kulivunja boksi, sekunde tatu, makalio yasinyanyuke, mikono kifuani. Wewe unasoma mshale ulifika wapi. Mara tatu kila mguu, apumzike nusu dakika katikati, unaandika ile kubwa kabisa.

Tunapima kwa pembe mbili. Goti nyuzi 90, yaani paja limesimama na mguu umelala juu ya kiti kama mtu aliyekaa kwenye kiti kilichoangushwa nyuma. Na goti nyuzi 30, mguu karibu umenyooka, hapo unasogeza makalio mbali na boksi na boksi liwe fupi zaidi. Hii ya nyuzi 30 mimi naipenda zaidi maana mguu umenyooka kama unavyokuwa kwenye mbio, na ndiyo inayoonyesha uchovu mapema kwa vijana wangu.

Mambo niliyojifunza kwa kukosea. Kitambaa kikunje vilevile kila siku, sisi tumekishona kabisa kwenye mfuko wa turubai ili kisibadilike umbo. Kisigino kiwe pale pale, tumechora alama kwa wino. Viatu vivuliwe vyote. Boksi lisiwe linateleza, liweke kwenye ukuta. Mtu mwenye nguvu nyingi atapeleka mshale mpaka mwisho wa 300 na hapo huna tena kipimo, kwa hao anza na hewa pungufu na uandike kwamba yeye anaanzia hapo. Na saa iwe moja. Hili tulilijua mwezi wa Ramadhani, tulikuwa tunacheza ligi za usiku baada ya tarawehe, kijana niliyempima alasiri akiwa na swaumu na nikampima tena saa nne usiku ameshafuturu, namba zilikuwa kama za watu wawili. Tangu hapo Ramadhani nina daftari lake peke yake, sichanganyi na miezi mingine.

Nawapima Jumatano wakiwa wamepumzika, hiyo ndiyo namba yao ya nyumbani. Kisha asubuhi baada ya mechi, na siku ya tatu. Timu nzima ya vijana 20 yachukua dakika 40 hivi ukiwa na msaidizi wa kuandika.

---

FizioMwanza

KochaNyali umenimalizia kazi, ahsante sana, na hilo la mfuko wa turubai naliiba. Kwa wanaojiuliza kama ni kitu cha kuaminika, Australia walishatumia kifaa cha presha kwa namna hii hii kwenye mpira wao wa kule (ule wa Australia, sio soka), na wataalamu wengine wanafanya kipimo hicho hicho cha nyuzi 90 na 30 kwa sahani ya umeme ya kupimia nguvu na wameona kinashika vizuri jinsi nguvu inavyoshuka baada ya mechi. Uzuri wake msuli haurefushwi kwa nguvu, kwahiyo unaweza kumpima mtu hata kesho yake baada ya mechi bila kumchana.

Sasa swali la tatu la kocha, namba gani inasema asicheze. Hapa nataka niwe mkweli maana watu wengi wanauziwa vitu. Hakuna namba inayokwambia huyu atachanika na huyu hatachanika. Kule Qatar walipima wachezaji wa kulipwa 614 kwenye mashine kubwa kabisa, ile ya kiti, wakawafuatilia, na mwisho wa siku tofauti ya walioumia na wasioumia ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba kwa mchezaji mmoja mmoja haikusaidii kutabiri. Kwahiyo usijutie kukosa ile mashine ya kliniki. Na usimwambie kijana "wewe utaumia" kwa sababu kapata 18 kwenye daraja, utamtia hofu bure.

Kipimo kinakusaidia kwa mambo mawili tu. Kumlinganisha kijana na yeye mwenyewe, na kulinganisha mguu wake na mguu wake. Mi binafsi nikiona namba ya siku ya tatu bado iko chini ya namba yake ya nyumbani kwa zaidi ya asilimia 10 namwambia kocha ampunguzie mbio kali siku hiyo, ikizidi asilimia 15 au mguu mmoja umeachwa na mwenzake kiasi hicho, namkalisha na kumuangalia kwa mikono. Hiyo ni desturi yangu ya kazini, sio sheria, na kabla ya kuamua chochote narudia kupima, maana kuna siku kijana kakandamiza kivivu tu.

Kwa walioumia kama alivyosema WingaMstaafu, ongeza kimoja. Askling, mtafiti wa majeraha ya nyama za paja wa Sweden, ana kipimo cha mwisho kabisa kabla ya kumrudisha mchezaji, unamlaza chali, goti la mguu ulioumia unalifunga lisikunjike, unamfunga na kiuno kwenye meza, unamwambia arushe mguu juu haraka kadri awezavyo mara tatu. Unachouliza sio maumivu, unauliza kama alisita. Akisema alihisi kama hauamini ule mguu, hajapona, anarudi kuimarisha. Kinafanyika pale vipimo vingine vyote vikiwa safi, usikifanye wiki ya pili.

---

KochaMbagala

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tano. Nimefanya mliyoniambia na nataka niwape mrejesho maana mmenisaidia mno.

Presha nimenunua ya mtumba, boksi katengeneza fundi seremala hapa mtaani kwa mbao za paleti, sentimita 60 kwa upande mmoja na ukilipindua linakuwa fupi kwa ile ya nyuzi 30. Tumepima vijana 22. Daraja la mguu mmoja vijana 9 kati ya 22 walikuwa chini ya 20 angalau mguu mmoja, na mimi nilikuwa nawaona ndo vijana wenye mapaja makubwa! Nodiki ndo balaa, kwenye video karibu wote wanaanguka mapema sana, wawili tu ndo wanashuka taratibu, na hao wawili hawajawahi kuumia nyama hata siku moja.

Kilichonishangaza zaidi ni winga wangu wa kushoto, yeye hajaumia kabisa. Namba yake ya nyumbani kwa nyuzi 30 ni 190 kulia na 186 kushoto. Jumapili asubuhi baada ya mechi kulia 172, kushoto 148. Nikamuuliza unasikia chochote, akasema hamna kocha. Jumanne jioni kulia 188 amerudi, kushoto 154. Nikarudia, 156. Nikambana tena ndo akasema kocha kuna kitu kinavuta kidogo nikikimbia ila sikutaka kusema. Nimemuweka nje mechi ya juzi, tumefungwa moja bila na watu wamenisema sana pale uwanjani. Nilifanya sawa? Na nimrudishe lini?

---

FizioMwanza

Ulifanya sawa kabisa kocha. Kutoka 186 mpaka 154 siku ya tatu, mguu mmoja, wakati wa pili umesharudi, huo sio uchovu wa mechi. Uchovu wa mechi unashusha miguu yote miwili na kwa kawaida ndani ya siku tatu unaondoka. Mguu mmoja ukibaki chini kuna kitu pale, inaweza ikawa nyama imeanza kuchubuka kidogo au mgongo wa chini unambana, mtafutie mtu amshike ampime.

Wakati huo asilale tu. Ajog, achezee mpira kwa spidi ya katikati, daraja la miguu miwili afu mmoja mmoja kama hamna maumivu. Ukiona presha ya kushoto imefika karibu na 180 mara mbili kwa siku tofauti, mpandishie mbio hatua kwa hatua, asilimia 70, 80, 90, na akimaliza mazoezi ya 90 mpime tena pale pale akiwa amechoka. Hicho ndo kipimo ulichokuwa unakitafuta siku ile ya mita 60, ila sasa unakipata akiwa amelala kwenye boksi lako la paleti.

Kwa timu nzima anzisha Nodiki sasa. Wiki ya kwanza siku moja tu seti 2 za mara 5. Ya pili siku mbili, seti 2 za 6. Ya tatu siku tatu, seti 3 za 6 mpaka 8. Ya nne siku tatu, seti 3 za 8 mpaka 10, afu unapanda mpaka wiki ya kumi, ukifika hapo mara moja kwa wiki inatosha msimu mzima. Ndo ratiba waliyotumia wale wa Denmark. Ukiwa katikati ya msimu wenye mechi kila wikiendi siku tatu zitakushinda, shikilia mbili, na isiwe ndani ya siku mbili za kabla ya mechi. Zifanye mwisho wa mazoezi wakiwa wameshachoka, sio mwanzo. Kina Small walilinganisha makundi mawili kwa wiki nane, la mwanzo wa mazoezi na la mwisho, na waliofanya mwisho ndo waliobaki na nguvu ya breki kipindi cha pili. Na kipindi cha pili ndo chako.

---

WingaMstaafu

Kocha huyo winga mwambie kuna mtu humu anampongeza kwa kusema ukweli hata kama alibanwa. Mimi ningebanwa hivyo nikiwa na 22 ningekuwa bado nacheza maveterani Jumapili.

---

MzeeWaKandanda

Kocha nimesoma mrejesho wako wote. Hiyo ya mguu mmoja kubaki nyuma na kijana anasema hamna kitu, nimekubali, macho yangu yasingeiona. Hiyo presha uliinunua wapi na shilingi ngapi? Kuna timu ya mjukuu wangu huku Morogoro.

---

KochaMbagala

Mzee shikamoo, nakutumia inbox bei na picha ya boksi na vipimo vyake, seremala yeyote atalitengeneza. Ukinunua ya mtumba puliza kwanza mpaka 200 uiache dakika moja uangalie mshale haushuki, niliyoletewa ya kwanza ilikuwa inavuja nikairudisha.

Yule wa boda amesharudi barabarani, presha yake kulia 170 kushoto 182, bado sijamruhusu mbio. Winga leo jioni kagonga 178. Keshokutwa nampima tena.